Khaman Maluach na Nafasi ya Kumi: Je, Phoenix Walichagua Vema?

Tangu tarehe 25 Juni 2025 kuna swali moja lisilokwisha midomoni mwa wavulana wa Juba wapendao mpira wa kikapu. Ukienda Nimra Talata jioni utalisikia. Ukikaa chini ya mwembe karibu na bweni utalisikia, na hata katika msururu wa chakula utalisikia: je, timu ya Phoenix Suns ya Marekani ilifanya vema kumchukua Khaman Maluach, kijana wetu wa Rumbek, katika nafasi ya kumi? Wengine husema Phoenix waliokota dhahabu. Wengine husema walipoteza nafasi, kwa sababu walikuwapo wachezaji waliokuwa tayari zaidi. Mhariri wa kurasa hizi za Kiswahili ameniomba nieleze jambo hili kwa wale wasiolifuata, kisha niseme lililo moyoni mwangu. Nitasema, ijapokuwa najua kwamba bweni la pili litanikasirikia.

Yafaa kwanza nieleze uchaguzi wenyewe. Wamarekani huuita drafti, lakini si drafti ile ya vizibo vya soda ichezwayo na wazee mbele ya maduka ya Konyo Konyo. Ligi ya NBA ina timu 30, na kila mwaka mwezi wa Juni timu hizo hugawana wachezaji wapya, mmoja mmoja kwa zamu, mizunguko miwili. Mchezaji hachagui timu. Timu ndiyo imchaguayo yeye. Ili mwenye nguvu asizidi kupata nguvu na mnyonge akabaki mnyonge, timu zilizofanya vibaya hutangulia kuchagua. Lakini kama ingejulikana hakika kwamba wa mwisho atapata wa kwanza, timu zingejiangusha kwa makusudi. Kwa hiyo nafasi za juu hupigiwa kura ya bahati, kwa vipira vyenye nambari. Mwaka huo wa 2025 bahati iliwaangukia Dallas, ambao walikuwa na asilimia 1.8 tu ya kupata nafasi ya kwanza, wakamchukua Cooper Flagg wa Chuo Kikuu cha Duke.

Jambo la pili la kujua ni hili: nafasi ya kuchagua ni mali. Timu yaweza kuiuza, hata ile ya miaka sita ijayo, kama vile mkulima auzavyo mavuno ambayo hajayapanda. Hapo ndipo kisa cha Phoenix kianzapo.

Mwezi wa Februari 2023 Phoenix walimtaka Kevin Durant, ambaye ni mmoja wa wafungaji wakubwa wa zama hizi. Wakawapa Brooklyn wachezaji watatu, Mikal Bridges, Cameron Johnson na Jae Crowder, pamoja na nafasi zao nne za mzunguko wa kwanza: za mwaka 2023, 2025, 2027 na 2029. Walitaka ubingwa upesi. Hawakuupata. Mwaka 2023 walitolewa na Denver katika hatua ya pili ya michezo ya mtoano. Mwaka 2024 Minnesota waliwafunga michezo minne kwa sifuri katika hatua ya kwanza. Na msimu wa 2024–25 walishinda michezo 36, wakashindwa 46, wasifike hata mtoano, nao ndio waliokuwa na mishahara mikubwa kupita timu zote za ligi. Mtu aliyekula mbegu na kuuza jembe hana la kufanya ila kuanza tena.

Basi mwezi wa Juni 2025 wakamtoa Durant kwa Houston, wakapata Jalen Green, Dillon Brooks, nafasi tano za mzunguko wa pili, na nafasi ya 10 ya mwaka ule. Sasa tazama ajabu hii. Nafasi ile ya 10 ilikuwa yao wenyewe! Ndiyo ile ya mwaka 2025 waliyowapa Brooklyn ili kumpata Durant. Brooklyn wakaipeleka Houston mwaka 2024. Na Phoenix wakairudisha nyumbani kwa kumtoa Durant yule yule. Nafasi za 2027 na 2029 hazikurudi. Kwa hiyo wale wenzetu wanaosema kwamba Phoenix walikuwa na haki ya kujaribu bahati, kwa kuwa ni timu inayojenga upya, hawajalitazama jambo vizuri. Timu inayojenga upya kwa kawaida huwa na nafasi nyingi. Ikikosea moja, hujaribu nyingine mwaka unaofuata. Phoenix walijenga upya bila matofali. Huo ndio uzito wa uchaguzi huu, na ndiyo sababu ulibishaniwa sana huko kwao, sio huku kwetu tu.

Mabadilishano hayo hayakukamilika rasmi mpaka tarehe 6 Julai. Kwa hiyo usiku wa uchaguzi, huko Brooklyn, Khaman aliitwa kwa jina la Houston akavaa kofia ya Houston, hali kila mtu alijua kwamba anakwenda Phoenix. Wengi mmeona picha alipokuwa akilia. Wazee wa kikapu hapa Juba walikumbuka mwaka 2004, maana mambo yalikuwa hayo hayo, ila yamegeuzwa. Mwaka ule Luol Deng, mzaliwa wa Wau, naye akiwa ametoka Duke baada ya mwaka mmoja tu, alichaguliwa wa saba na Phoenix, na Phoenix wakamtoa usiku ule ule kwa Chicago. Nitarudi kwa Deng baadaye.

Khaman ni nani? Alizaliwa Rumbek tarehe 14 Septemba 2006. Jamaa zake walikimbilia Uganda, naye akakulia Kawempe, katika jiji la Kampala. Alianza mchezo huu mwaka 2019, akiwa na miaka kama 13; yaani usiku ule alipoitwa jina lake alikuwa hajatimiza miaka saba tangu ashike mpira mara ya kwanza. Wavulana wa Marekani aliochaguliwa pamoja nao wengi wao walianza wakiwa watoto wadogo kabisa. Kutoka Kampala alichukuliwa kwenda kwenye chuo cha NBA cha Afrika, kilichoko Saly, Senegal. Alicheza mashindano ya vilabu vya Afrika kwa timu tatu mbalimbali: Cobra Sport ya hapa kwetu, AS Douanes ya Senegal, na City Oilers ya Uganda. Mwaka 2023 alikuwa katika timu yetu ya taifa kwenye Kombe la Dunia, akiwa na miaka 16, na mwaka 2024 alikuwa Olimpiki huko Ufaransa, tulipowafunga Puerto Rico 90 kwa 79. Nadhani hapana haja ya kumkumbusha msomaji yeyote wa Juba siku ile.

Kisha akaenda Duke kwa msimu mmoja. Hesabu zake ni hizi: michezo 39, wastani wa pointi 8.6, ribaundi 6.6, na mipira 1.3 aliyoizuia kwa kila mchezo. Katika mipira aliyoirusha, zaidi ya 7 katika kila 10 iliingia, maana aghalabu hurusha akiwa karibu sana. Walipompima, akisimama tu na kunyosha mkono bila kuruka, vidole vyake vilifika futi 9 na inchi 6. Kikapu kiko futi 10. Waliobaki hapo ni inchi 6 na kuruka kidogo.

Sasa tusikilize wanaopinga, kwa maana hawasemi upuzi.

La kwanza ni mchezo wa tarehe 5 Aprili 2025, nusu fainali ya vyuo vikuu, huko San Antonio. Duke walikuwa mbele ya Chuo Kikuu cha Houston kwa pointi 14 katika kipindi cha pili, wakapoteza, 70 kwa 67. Khaman alicheza dakika 21 asipate ribaundi hata moja. Hata moja! Mtu afikaye futi 9 na nusu amesimama. Wapinzani husema kwamba urefu bila nguvu ya nyonga na miguu ni kama mlingoti. Wanaume wa Houston walimsukuma kwa makalio wakachukua mipira chini ya pua yake. Ni kweli walimsukuma. Tena kuna jambo la mikono: pasi nyingi alizopewa kwa ghafula zilimponyoka, naye mwenyewe hakuwagawia wenzake mipira mingi.

La pili ni kwamba usiku ule ule Phoenix walimnunua Mark Williams kutoka Charlotte, naye pia ni mchezaji wa kati, naye pia alitoka Duke, na tayari alikuwa na misimu mitatu katika ligi. Walimlipia nafasi ya 29 ya mwaka ule na nafasi nyingine ya baadaye. Watu wakauliza, na ni halali kuuliza: mtu mwenye shilingi mbili tu, kwa nini anunue sufuria mbili na asinunue unga?

La tatu ni wale waliokuja nyuma yake. Cedric Coward alichaguliwa wa 11, akaenda Memphis. Derik Queen alichaguliwa wa 13, akaenda New Orleans. Wote wawili walipewa dakika nyingi tangu miezi ya kwanza ya msimu wa 2025–26, wakafunga vizuri. Khaman katika miezi ile ile alikaa sana benchi, akapelekwa mara kwa mara kwa Valley Suns, ambayo ni timu ya Phoenix katika ligi ndogo, ili apate kucheza. Wale wa bweni la pili walibandika hesabu hizo ukutani.

Nakubali hesabu, ila sikubali wanachotaka kuithibitisha kwayo. Nitaeleza kwa kumtaja kijana mwingine wa kwetu, ambaye jina lake hutajwa kila ubishi huu unapozuka, na mara nyingi hutajwa kwa dhihaka. Ni Thon Maker.

Thon alizaliwa Wau, akapita Uganda, akalelewa Australia. Mwaka 2016 timu ya Milwaukee Bucks ilimchukua katika nafasi ya kumi, ile ile ya Khaman. Milwaukee nao walikuwa wakijenga upya. Mwaka 2014 walikuwa wamemaliza na ushindi 15 na kushindwa 67. Uchaguzi ule ulizua kelele kubwa. Thon hakuwa amepita chuo kikuu hata siku moja. Alitoka moja kwa moja katika shule ya Orangeville huko Kanada. Juu ya hayo, magazeti yaliandika kwamba huenda umri wake ni mkubwa kuliko ulioandikwa katika karatasi zake.

Hapa nisimame kidogo, kwa maana jambo la umri latugusa sisi kuliko Wamarekani. Katika darasa langu kuna wanafunzi wengi ambao karatasi zao zasema walizaliwa tarehe 1 Januari. Si kwamba mama zetu walipatana. Ni kwamba mtu amezaliwa njiani, au kijijini wakati wa vita, na miaka kadhaa baadaye karani wa kambi ameuliza tarehe, na mama amejibu kwamba ilikuwa wakati wa mtama kukomaa, na karani akaandika alivyoweza. Mtu asiyejua siku yake si mwongo. Ligi ilizikubali karatasi za Thon, na hilo lilipaswa kuwa mwisho wa maneno, lakini bado kila mrefu wa Sudani Kusini akitokea hupimwa kwanza kwa macho ya mashaka.

Basi, ilikuwaje? Thon alianza vizuri kuliko watu wanavyokumbuka. Msimu wake wa kwanza aliingia katika kikosi cha kwanza, hata michezo ya mtoano ya 2017 dhidi ya Toronto akaianza. Mwaka 2018 dhidi ya Boston alizuia mipira mitano katika mchezo mmoja, akazuia mitano tena katika uliofuata. Kisha akasimama pale pale. Hakunenepa, hakupata kazi moja iliyo yake, akaomba kuhama, na Februari 2019 akapelekwa Detroit. Kufikia mwanzo wa 2021 alikuwa amekwisha toka katika ligi. Nyuma yake mwaka ule wa 2016 walichaguliwa Domantas Sabonis, wa 11, na Pascal Siakam, wa 27. Milwaukee wenyewe, katika nafasi ya 36, walimpata Malcolm Brogdon, ambaye alikuwa mchezaji mpya bora wa msimu. Kwa hesabu hiyo uchaguzi wa Thon haukufaa, na hakuna haja ya kuficha.

Lakini timu hiyo hiyo, kwa mawazo hayo hayo ya kumchukua kijana mrefu mbichi na kumngoja, ilikuwa imemchukua Giannis Antetokounmpo mwaka 2013 katika nafasi ya 15. Naye alikuwa na miaka 18 kama Khaman. Msimu wake wa kwanza alipata wastani wa pointi 6.8. Ingalikuwa bweni la pili ndilo lenye timu, lingalimbandika ukutani. Mwaka 2021 Milwaukee walikuwa mabingwa, na Giannis ndiye aliyewabeba. Kwa hiyo hatuwezi kusema kwamba kungoja ni upumbavu kwa sababu ya Thon, wala kwamba ni hekima kwa sababu ya Giannis. Hapana budi tumtazame mtu mwenyewe na yale aliyokwisha kupita.

Na hapo naona tofauti kubwa kati ya Thon na Khaman. Thon alipochaguliwa alikuwa amecheza na wavulana wa shule. Khaman alikuwa amekwisha kucheza na wanaume: Serbia, Puerto Rico, Marekani yenyewe. Hakufanya makubwa mbele yao, lakini aliona, na mwili wake ulionja. Tena Thon alipendwa kwa sababu watu waliota kwamba mtu mrefu hivyo atapiga chenga na kufunga kutoka mbali. Walimpenda kwa lile ambalo hakuwa bado. Khaman hahitaji ndoto. Kazi yake ni moja na yajulikana: simama chini ya kikapu, zuia, chukua, piga kwa nguvu ukipewa juu. Kazi moja hujifunzwa upesi kuliko kazi tano. Na kuna alama ndogo ambayo wengi wameipita: pale Duke, katika mipira ya adhabu, aliingiza zaidi ya mitatu katika kila minne. Watu warefu hivyo kwa kawaida huaibika hapo. Mkono uwezao hilo si mkono wa mti. Kuponyokwa na pasi ni ugeni, nao hutibika.

Kuhusu Mark Williams, jibu ni fupi. Msimu wa 2023–24 aliumia akacheza michezo 19 tu. Uliofuata, 44, na msimu wa NBA una michezo 82. Mwenye mtu wa kati kama huyo lazima awe na wa pili. Nawalaumu Phoenix kwa bei waliyolipa, lakini kosa hilo, kama ni kosa, ni la Williams kununuliwa, silo la Khaman kuchaguliwa. Na ijapokuwa wengi walitabiri kwamba msimu wa 2025–26 wangeanguka kabisa, kufikia mwisho wa mwaka 2025 walikuwa wameshinda zaidi ya walivyoshindwa. Timu inayoshinda haina haraka ya kumtupa kijana wa miaka 19 motoni. Luol Deng yeye alikuwa na bahati nyingine: Chicago walipompata walikuwa wametoka msimu wa ushindi 23 tu, kwa hiyo nafasi ilikuwa wazi, akacheza tangu siku ya kwanza, na msimu ule wakashinda 47. Lakini Deng alikuwa mfungaji wa pembeni, si mtu wa chini ya kikapu, na watu wa chini ya kikapu huiva polepole kama maembe ya Yei.

Jambo moja zaidi halimo katika hesabu zozote. Rudi kwa ile tarehe 5 Aprili 2025, siku asiyopata ribaundi. Siku hiyo hiyo serikali ya Marekani ilitangaza kwamba inafuta viza za watu wote wenye pasipoti ya Sudani Kusini, kwa sababu ya ugomvi na serikali yetu juu ya mtu mmoja aliyerudishwa. Khaman alikuwa huko kwa pasipoti hiyo. Kwa hiyo kijana wa miaka 18 aliingia katika mchezo mkubwa kupita yote aliyocheza katika chuo, na siku hiyo hiyo dunia yote ilikuwa ikiuliza kama ataruhusiwa kukaa katika nchi ile. Sisemi kwamba ndiyo sababu ya sifuri ile. Houston walikuwa na nguvu, na yeye hakuwa nazo. Nasema tu kwamba anayeubandika mchezo ule ukutani abandike na gazeti la siku ile pembeni yake. Nasi tulioko Juba twajua zaidi ya Phoenix ilivyo kusoma kwa mtihani hali hujui kama kesho utakuwa pale ulipo.

Kwa hiyo uamuzi wangu ni kwamba Phoenix walichagua vema, na ningesema hivyo hata kama angekuwa mtoto wa Norway. Katika nafasi ya kumi hupati mtu aliye kamili. Waliokamilika wamekwisha chukuliwa. Unachagua ni kipi kinachopungua, na cha Khaman ni nguvu na mazoea, vitu viwili ambavyo chakula, vyuma na miaka huvileta. Urefu, moyo na mkono laini haviletwi na mtu. Coward na Queen walikuwa mbele yake mwaka ule wa kwanza, na huenda wakabaki mbele mwaka wa pili.

Kwa wale wa kidato cha kwanza wanaoniuliza kama waache hesabu wakae Nimra Talata mchana kutwa kwa kuwa nao ni warefu: kila mwaka huchaguliwa watu wapatao 60 kutoka dunia nzima, na timu yetu ya taifa ilipokwenda Olimpiki mwaka 2024, nchi yetu haikuwa na hata ukumbi mmoja wa ndani unaofaa mchezo wa kimataifa. Khaman mwenyewe ilimbidi apite Uganda na Senegal ndipo afike. Chezeni jioni.

Na kwa bweni la pili: mkataba wa mchezaji wa mzunguko wa kwanza ni wa miaka minne, lakini miwili tu ya kwanza ndiyo iliyo hakika. Mwanzoni mwa msimu wa pili, timu hutamka kama itamweka kwa mwaka wa tatu, na mwaka mmoja baadaye hutamka juu ya wa nne. Wale mabwana wa Phoenix wanaomwona mazoezini kila siku watajibu kwa fedha zao wenyewe. Hesabu mlizobandika zaweza kukaa ukutani mpaka siku hiyo, ila tafadhali mwandike na mipira ya adhabu.